Dondoo muhimu: Intaneti ya kupiga kwa laini ya simu ikikatika, anza na modemu

Laini ya simu husingiziwa mengi. Modemu nyingi za bei rahisi zilizofungwa ndani ya kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1990 hazina chipu yao ya kuchakata mawimbi. Kazi hiyo huachiwa prosesa, kupitia programu ya Windows. Ndiyo maana ukifungua programu nzito mawasiliano hukatika, ilhali laini ni nzima. Utauliza, mbona kwa jirani modemu ile ile haisumbui? Huenda kompyuta yake ina nguvu zaidi, au programu endeshi yake ni mpya. Basi sasisha yako kwanza.

Kelele za laini zipo, sikatai. Inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio unyamaze, usikilize. Ukisikia mikwaruzo, chomoa simu nyingine na waya za kuongezea, kisha shusha kasi kutoka V.90, yenye kikomo cha kilobiti 56 kwa sekunde, hadi V.34 ya 33.6. Kukiwa kimya na bado unakatika, tafuta modemu ya nje ya kuchomeka kwenye tundu la siriali, yenye chipu yake yenyewe. Ni ghali, kweli, lakini kila simu unayoipiga upya nayo inalipiwa.