JALADA LISILOSAFIRI: SOMO KWA WATUMISHI

Watumishi wa Kinondoni na Temeke wanakumbushwa kuwa, tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, jalada la karatasi halitoshi kuunganisha ofisi. Mfumo wa Ofisi Mtandao, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, huonyesha dokezo liko kwa nani na tangu lini. Kisingizio cha "jalada halijarudi masijala" kimepungua nguvu, nasi hatukililii.

Ila maelekezo ya kwenye makundi ya WhatsApp hayaingii jaladani. Mtumishi akihamishwa huondoka nayo simuni, na mwananchi anayefuatilia kiwanja chake huanza upya. Yaingizwe kwenye mfumo siku hiyo hiyo. Nywila ya mkuu wa idara asikabidhiwe katibu muhtasi, kwani jina litakalosomeka kwenye dokezo ni la mkuu mwenyewe.