Kona Kwanza: Makabati ya Jikoni ya Kujitengenezea

Mwenye nyumba anayekusudia kujitengenezea makabati ya jikoni kwa kawaida huanza na bei ya ubao, kisha rangi, kisha vishikio. Kona, pale kuta mbili zinapokutana, huachwa hadi mwisho. Mpangilio huo huleta hasara, kwa kuwa kona ndiyo inayoamua upana wa makabati mengine yote, na ubao ukishakatwa kwa vipimo vyako usitarajie duka kuupokea tena.

Fikiria kwanza ukubwa wa nafasi yenyewe. Kaunta mbili zenye kina cha sentimita 60 zikikutana, huzaa mraba wa sentimita 60 kwa 60 usiokuwa na mlango upande wowote. Kwa makabati yenye kimo cha sentimita 72, mraba huo una ujazo wa takriban lita 260, yaani madumu 13 ya lita 20. Nafasi hiyo ni kubwa, lakini mkono hauifikii kwa urahisi.

Kabla ya kuchora chochote, hakiki kama kona ni ya nyuzi 90. Weka alama sentimita 60 kutoka konani kwenye ukuta mmoja, na sentimita 80 kwenye ukuta wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa sentimita 100 kamili, kona iko sawa, ukizidi, imepanuka, ukipungua, imejibana. Pima karibu na sakafu na urudie kwenye kimo cha kaunta, maana plasta huwa nene mahali na nyembamba pengine.

Njia rahisi kwa fundi wa nyumbani ni kabati refu linaloingia hadi konani, ambalo sehemu yake hufichwa na safu ya makabati ya ukuta wa pili. Hesabu yake ni hii. Makabati ya safu ya pili yana kina cha sentimita 56. Ongeza mlango wa milimita 18, na takriban sentimita 58 za uso wa kabati refu zimefichika. Baada ya hapo uwekwe ubao wa kujazia wa sentimita 7, kisha mlango wa sentimita 45. Jumla ni sentimita 110. Wengi huuona ubao wa kujazia kuwa upotevu na kuuondoa. Matokeo yake ni droo inayogonga kishikio cha kabati la jirani na kugoma kufunguka. Upana wake lazima uzidi urefu ambao kishikio kimejitokeza, na safu ya pili nayo iwe na ubao kama huo.

Njia nyingine ni kabati lenye umbo la L, sentimita 90 kwa kila ukuta. Mbele yake hukaa milango miwili myembamba iliyounganishwa, inayokunjuka kwa pamoja kwa bawaba za nyuzi 165 au zaidi. Ndani huweza kufungwa sinia ya mviringo inayozunguka kwenye mhimili. Sinia hiyo hukuletea chupa ya mafuta iliyoko nyuma bila kupiga magoti, lakini duara haliwezi kujaza pembe: likikaa ndani ya mraba hufunika takriban asilimia 79 tu ya eneo lake. Kwa familia yenye masufuria makubwa ya shughuli, rafu tuli ya umbo la L hubeba zaidi na hugharimu kidogo. Ukichagua sinia, inunue kabla ya kukata ubao, kisha ulijenge kabati kwa kufuata vipimo vilivyomo katika maelekezo yake.

Katika jiko dogo sana, kuiziba kona na kuiacha tupu ni uamuzi wa busara pia. Sentimita chache zilizookolewa kila upande zaweza kutoa droo pana zaidi itakayotumika kila siku.

Mtungi wa gesi usiwekwe konani kwa hali yoyote. Vali yake ni lazima ifikiwe kwa mkono mara moja. Tena gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini. Kabati linalohifadhi mtungi liwe na matundu ya hewa karibu na sakafu.

Ubao wa kawaida madukani una ukubwa wa milimita 1220 kwa 2440. Ukiwa na kina cha sentimita 56 na kimo cha sentimita 72, ubao mmoja hutoa mbavu sita za makabati, na mabaki hufaa kwa viungo vya juu. Ongeza kina hadi sentimita 62, nao ubao uleule utatoa mbavu tatu tu. MDF hukatika vizuri na hupokea rangi, ila ikinywa maji huvimba wala hairudi ilivyokuwa; chini ya sinki tumia plaiwudi inayostahimili maji, na kingo zote zilizokatwa zizibwe. Vaa barakoa unapoikata.

Dukani, pima unene wa ubao mwenyewe. Tofauti ya milimita mbili haionekani kwa macho, lakini huvuruga kila kiungo. Dai risiti ya EFD inayotaja aina na unene wa ubao. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo kuhusu ubora wa bidhaa, na mlaji mwenye risiti iliyoandikwa kikamilifu ana ushahidi wa kuwasilisha mbele ya Tume ya Ushindani.

Kufunga makabati ni kazi fupi ikiwa vipimo vimezingatiwa. Tafuta sehemu ya sakafu iliyoinuka kuliko zote, na kimo cha kaunta kihesabiwe kutoka hapo. Kabati la kona litangulie kusimamishwa juu ya miguu ya plastiki inayorekebishika, ili maji ya kudeki yasiufikie ubao. Lisawazishe kwa pimamaji pande zote mbili, kisha unganisha makabati yanayofuata. Tundu la kikombe cha bawaba lina kipenyo cha milimita 35. Katika ubao wa milimita 18, kina chake kisizidi milimita 13, la sivyo uso wa mlango utatoboka. Vishikio vifungwe mwisho, baada ya kufungua milango na droo zote za kona kwa wakati mmoja na kuona kwamba hakuna kinachogusana.