Kabla ya kukopesha, uliza pesa ya mteja inatoka wapi: somo la Kilosa na Mikumi

Leo tunajifunza kwa historia ya biashara ya wilaya yetu ya Kilosa. Usikimbie ukasema historia ni ya shuleni. Humu kuna kitu kinachoamua kama deni lililo kwenye daftari lako litalipwa au litalala.

Swali letu ni moja tu: mteja wako, pesa yake inatoka wapi? Twende taratibu.

1. Enzi za misafara

Kabla ya reli, mizigo ya bara ilibebwa na wapagazi, kila mtu na mzigo wake wa kilo 30 hivi. Moja ya njia za kutoka pwani ilipita bonde la Mto Mkondoa, hapa hapa Kilosa. Msafara wa mamia ya watu lazima ule. Basi wenyeji waliuza unga, kuku na mbuzi, wakalipwa nguo na shanga.

Mwaka 1905 Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1907 ikafika Morogoro, 1914 ikafika Kigoma. Sasa jiulize: behewa linakula ugali? Halili. Aliyetegemea tumbo la mpagazi ilibidi atafute mteja mwingine.

2. Mkonge

Reli iliua biashara moja, ikafungua nyingine. Mashamba makubwa ya mkonge yalienea Kimamba, Rudewa na kwingineko wilayani. Na viwanda vikajengwa huko huko shambani. Kwa nini? Kwa sababu katika jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Mengine ni maji na makapi. Hakuna mwenye akili atakayelipia nauli ya maji mpaka Dar. Korona ikafungwa shambani, nyuzi kavu ndizo zikapanda treni. Palipo na korona pana wafanyakazi, na palipo na wafanyakazi duka halikosekani.

Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa manamba, walioletwa kutoka mikoa ya mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata chombo chao cha kuwatafuta, kikiitwa SILABU. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha siku 30 za kazi. Kikijaa, ndipo analipwa. Mwenye duka aliyejua vipande vinajaa lini, alijua lini aagize mzigo na lini afunge mkono.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakachukuliwa na serikali, na uzalishaji ukaendelea kushuka. Katikati ya miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha tani 40,000.

Sikiliza hapa. Mwenye duka wa Kimamba hakuuza mkonge hata kilo moja. Aliuza sukari, sabuni na kanga. Lakini bei ya mkonge ilipoanguka huko Ulaya, na yeye alianguka, kwa sababu wateja wake wote walikuwa wanakula kwenye sufuria moja.

3. Miwa na lami

Kusini kwetu, kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi 1962, na baadaye kikajengwa kingine Ruembe, upande wa Kilosa. Sababu ni kama ya mkonge: muwa ukishakatwa haungoji safari ndefu, unapoteza sukari. Ila pesa ya miwa ina msimu wake. Masika kiwanda husimama.

Mikumi mjini tunaishi kwa barabara. Hifadhi ilianzishwa 1964, na miaka ya mwanzo ya 1970 barabara ya kwenda Zambia ikawekwa lami. Gari linalotoka Morogoro linapita hifadhini kilomita 50 hivi, hakuna duka wala genge. Akitokeza Mikumi, dereva anataka chai, chapati na vocha. Ndiyo riziki yetu.

4. Na sasa SGR

Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa. Kwenye treni ya zamani watu waliuza ndizi na mahindi dirishani. Hii mpya dirisha halifunguliwi. Lakini abiria anayeshuka bado anahitaji bodaboda, chakula cha moto na chumba cha kulala. Mteja yupo, ila sasa umsubiri mlango wa kutokea.

Mimi nafanyaje?

Duka langu la rejareja liko Mikumi. Kwenye daftari la madeni, mbele ya jina na kiasi, nimeongeza safu moja: chanzo. Naandika miwa, mshahara, barabara, vitunguu au mifugo. Halafu nafuata sheria tatu:

- Tarehe ya kulipa inafuata chanzo. Mtu wa miwa simpi deni mwezi wa nne kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Sio kwamba ni mwongo, pesa yake haijafika.
- Chanzo kimoja kisizidi theluthi ya madeni yote. Kikizidi, nauza taslimu tu kwa upande huo, hata kama ni rafiki yangu.
- Chanzo kikiyumba, napunguza oda mapema. Mwishoni mwa 2009 mafuriko yalibomoa reli hapa Kilosa, treni zikakatika kwa miezi. Biashara iliyotegemea stesheni peke yake ingekula nini miezi hiyo?

Zoezi la wiki hii

Chukua daftari lako usiku wa leo. Andika chanzo cha pesa mbele ya kila anayedaiwa, kisha jumlisha kila chanzo. Kama zaidi ya nusu ya mtaji wako uko kwenye chanzo kimoja, wewe ni mwenye duka wa Kimamba. Anza kutafuta mteja wa chanzo kingine sasa, wakati bado una bidhaa kwenye shelfu.