Kuuliza habari ya faili bila kuipakua

Ndugu wanafunzi, wengi wetu hapa Epulu tunanunua mega kidogo kidogo. Kupakua video nzima ya okapi kusudi tujue uzito wake tu, ni kutupa franka bure. Tuulize kwanza.

Faili iliyo katika wingu, ni kusema katika mashini za mbali, iko na habari zake: uzito, aina, tarehe. Ni kama gunia la mchele: tunasoma kilo juu yake, hatumwagi mchele chini.

Katika lugha ya C tunatumia libcurl, namna hii:

1. curl_easy_init() inaanzisha kazi.
2. CURLOPT_URL: tunatoa anwani ya faili.
3. CURLOPT_NOBODY, 1L: tunaomba habari tu. Ombi hili linaitwa HEAD.
4. curl_easy_perform() inatuma ombi.
5. curl_easy_getinfo() inaleta jibu.

Tuangalie kwanza CURLINFO_RESPONSE_CODE. Ikiwa 200, ni vizuri. Ikiwa 404, faili haiko, na uzito tutakaoona si wake.

Halafu CURLINFO_CONTENT_LENGTH_DOWNLOAD_T inatoa uzito kwa bayiti. Jibu -1 maana yake uzito haujulikani. Si kusema faili ni tupu.

Zoezi: Faili ina bayiti 24 000 000. Umebakiwa na mega 20. Utaipakua leo? Eleza.