Jua Bwawa Lako: Tuta la Udongo, Mvua Kubwa na Usalama wa Wanaoishi Chini Yake

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, tuta la bwawa lililokuwa mlimani huko Solai, katika kaunti yetu ya Nakuru, lilibomoka baada ya majuma ya mvua kubwa. Maji na matope yaliteremka hadi vijiji vya Energy na Nyakinyua, watu wakiwa majumbani mwao. Watu 48 walifariki, miongoni mwao watoto wengi. Bwawa hilo halikuwa katika orodha ya mabwawa makubwa ya nchi. Lilikuwa tuta la udongo, kama yalivyo mabwawa mengi tunayopita kila siku tukienda shambani, shuleni au sokoni.

Somo la toleo hili ni kuhusu bwawa dogo la udongo, au silanga kama wengi wetu tunavyoliita, hasa lile linalojengwa kuzuia mafuriko. Linafanya kazi vipi? Linabomoka vipi? Na mwananchi anayeishi chini yake aangalie nini?

Uzito wa maji "kidogo"

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Chukua bwawa lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 40 na kina cha wastani cha mita 2. Hizo ni mita za ujazo 4,000, yaani tani 4,000 za maji. Ni sawa na malori 400 yaliyobeba tani 10 kila moja, yakiwa yamezuiwa na udongo peke yake. Tena, kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo msukumo unavyoongezeka. Penye kina cha mita 4, maji husukuma kwa nguvu ya takriban tani 4 kwa kila mita moja ya mraba.

Sehemu za bwawa

Tuta ni ukuta wa udongo ulioshindiliwa. Udongo wa mfinyanzi ndio unaozuia maji kupenya. Bomba la chini hutoa maji polepole. Mkondo wa maji ya ziada ni njia pana iliyochimbwa kando ya tuta, chini kidogo ya kimo cha mgongo wake, ili bwawa likijaa maji yapite hapo bila kupanda juu ya tuta.

Bwawa la kuzuia mafuriko hufanya kazi likiwa na nafasi. Mvua inaponyesha kwa nguvu, hupokea maji mengi kwa muda mfupi na kuyaachilia kidogo kidogo. Bwawa lililojaa kabla ya mvua haliwezi kupunguza mafuriko. Hapa ndipo mvutano huanza. Mkulima anataka maji ya kiangazi, kwa hivyo anaziba bomba, au anapanga magunia ya mchanga kwenye mkondo wa ziada ili bwawa libebe zaidi. Haja yake ni ya kweli. Lakini magunia hayo yanaondoa nafasi ambayo tuta liliachiwa kwa ajili ya siku ya mvua kubwa. Anayehitaji maji zaidi aombe bwawa lipimwe na kupanuliwa na mtaalamu, asiligeuze mwenyewe usiku.

Njia tatu ambazo tuta hubomoka

Ya kwanza ni maji kupita juu ya tuta. Udongo hauwezi kustahimili maji yanayoporomoka juu yake. Humegwa upande wa nje, mfereji huchimbika, na muda si muda tuta limekatika. Mara nyingi chanzo ni mkondo wa ziada ulioziba kwa matope, vichaka au ua wa shamba. Chanzo kingine ni njia ya ng'ombe: mifugo wakivuka pale pale kila siku, mgongo wa tuta hubonyea, na maji hutafuta mahali pa chini kuliko pote.

Ya pili ni maji kupenya ndani. Shimo la fuko au mchwa, mzizi uliooza, au udongo usioshindiliwa vizuri kando ya bomba hutoa njia. Maji hubeba chembe za udongo, njia hupanuka, na tuta huliwa kutoka ndani huku juu likionekana zima.

Ya tatu ni tuta kuporomoka. Udongo uliolowa sana hupoteza nguvu, nyufa hutokea, na upande mmoja huteleza. Hata kuliondolea bwawa maji yote kwa haraka kunaweza kuangusha upande wa ndani, kwa sababu udongo bado umelowa na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka.

Mambo ya kukagua

Kabla ya mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, wenye bwawa na majirani watembee juu ya tuta na chini yake:

- Mkondo wa maji ya ziada uwe wazi kabisa.
- Bomba lifunguke na kufungika.
- Mgongo wa tuta usiwe na mabonde. Palipobonyea pajazwe udongo na kushindiliwa.
- Tuta liwe na nyasi fupi, si miti. Mti uliokwisha kuwa mkubwa using'olewe bila ushauri, kwa kuwa shimo la mizizi laweza kuwa njia ya maji.
- Mashimo ya wanyama yaonyeshwe fundi, na mifugo wapewe njia nyingine.
- Mti wenye alama za kimo usimikwe majini, na kimo kiandikwe daftarini kila siku wakati wa mvua.

Daftari hilo ni muhimu. Bwawa lililopanda sentimita 10 kwa siku nzima na lililopanda sentimita 10 kwa saa moja hayako katika hali moja.

Dalili za hatari

Unyevu kidogo chini ya tuta, wenye maji maangavu, huenda usiwe hatari, lakini utolewe taarifa na kuangaliwa kila siku. Maji yakianza kutoka yakiwa na rangi ya udongo, au yakiongezeka ghafla, hiyo ni hatari kubwa: tuta linatoka pamoja na maji. Usizibe tundu hilo kwa simenti au udongo upande wa nje. Maji yaliyofungiwa hutafuta njia nyingine ndani ya tuta.

Ufa mpya, sehemu iliyotitia, au maji yaliyokaribia mgongo wa tuta pia ni dalili za kuondoka. Usisubiri uthibitisho. Mjulishe chifu, msimamizi wa wadi na majirani, kisha piga simu 999 au 112, au Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199. Panda mahali palipoinuka kwa kuuacha mkondo ubavuni. Usikimbie ukifuata bonde kuelekea chini, na usivuke maji yaendayo kasi. Maji ya sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Matuta yasiyoitwa mabwawa

Tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliua watu zaidi ya 45 eneo la Mai Mahiu. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye ilielezwa kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilizibwa na takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakavunja. Tuta lolote la barabara au reli likizibwa kalvati huwa bwawa lisilo na mkondo wa ziada. Kwa hivyo kalvati ya kijiji chako nayo ikaguliwe.

Jukumu ni la nani?

Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kujenga bwawa kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mwenye bwawa ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kulitunza. Lakini anayelala chini ya tuta ana haki ya kuuliza, na kuuliza si uchochezi. Uliza barazani, kabla ya mvua kuanza.

Maswali ya kujadili barazani

1. Ni mabwawa mangapi yaliyo juu ya kijiji chetu, na ya nani?
2. Nani anashika daftari la kimo cha maji, na nani anamsaidia usiku?
3. Ikilazimu kuhama usiku wa manane, tutaamshana kwa ishara gani, na tutakutana wapi?
4. Wazee, wagonjwa na watoto watabebwa na nani?

Kijiji kinachoweza kujibu maswali haya manne kimeanza kujilinda.