Vitambulisho vya watu kwenye kompyuta yako

*Mama, nina kibanda cha kompyuta hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Naskani, natoa kopi, nawajazia watu fomu za vyuo na za kazi. Jamaa mmoja wa Lilongwe aliniomba picha za vitambulisho vya wateja ili asajilie laini za simu. Nilimtumia nane kwa WhatsApp, akanilipa. Sasa anataka mia, na bei kaipandisha. Wenyewe hawajapoteza kitu, kadi zao wanazo. Je, nina kosa? – J.M.*

Mwanangu, umeniandikia kabla ya kutuma hizo mia, kwa hiyo naamini dhamiri yako haijalala. Tuzungumze.

Walichokuachia

Mteja akishaondoka na kadi yake, jina, picha, tarehe ya kuzaliwa na namba vinabaki kwenye folda yako. Cha kuachiwa si cha kuuza. Nawe unajua kadi hizo zilivyopatikana: wapo waliofika Malawi bila hata cheti cha ubatizo. Mwaka 2013 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilipotaka kujaribu mfumo wake mpya wa alama za vidole na mboni za macho, iliujaribia hapo hapo Dzaleka. Watu walipanga foleni wakapigwa picha za macho, ili asitokee mtu wa kujiita wao. Wanane kati ya majirani zako sasa wana mtu wa kujiita wao.

Laini ikishasajiliwa

Malawi ilianza kulazimisha usajili wa laini mwaka 2018. Mwenye shughuli halali husajili kwa jina lake, yakaisha. Anayetafuta majina mia anataka namba ambazo polisi wakizifuatilia hawatamfikia yeye. Atampigia bibi wa watu huko Kasungu, amwambie mjukuu wake kapata ajali, kwacha zitumwe haraka kwa simu. Bibi akishtaki, jina litakalotokea ni la mama mmoja wa Dzaleka aliyekuja kwako kuskani karatasi za mwanawe anayeomba chuo. Ataitwa kituoni ajieleze kwa Kichewa cha kubahatisha. Faili lake la kuhamia nchi nyingine, alilolisubiri miaka, laweza kusimama mpaka tuhuma ichunguzwe. Huyo ndiye unayesema hajapoteza kitu!

Sheria

Ndiyo, unalo kosa. Sheria ya Kulinda Data ya 2024, inayosimamiwa na MACRA, mamlaka ya mawasiliano ya Malawi, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi aliyoikubali mwenyewe. Wateja wako walikubali kopi tu. Ipo pia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Usalama wa Mtandao ya 2016, na laini zikitumika kwa utapeli, wewe utaulizwa kama mshirika. Usijidanganye kwamba sheria hizi ni za mabenki ya Lilongwe.

Cha kufanya

Najua unachotamani: umkatalie huyo jamaa, unyamaze, yapite. Kunyamaza kutakusitiri wewe kwa muda. Wale wanane hakuwasaidii chochote, maana picha zao tayari ziko kwa mtu.

Mkatalie leo, kwa maneno machache. Mazungumzo yenu usiyafute, hata kwa aibu. Ndiyo ushahidi kwamba picha zilitoka kwako zikaenda kwake. Skani nyingine zote za wateja zifute kwenye kompyuta na kwenye flashi, na pipa la taka ulimwage. Angalia pia kama kuna barua pepe za watu zilizobaki wazi, na nywila ambazo mashine inazikumbuka. Kuanzia sasa, mteja afute faili lake mbele yako kabla hajalipa.

Kisha tafuta mwanasheria. Ulizia ofisi ya ulinzi ya UNHCR hapo kambini, au ofisi ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoko Lilongwe. Mweleze yote, la fedha usilifiche.

Ukishapata ushauri wake, nenda kwa wale wanane, nyumba kwa nyumba, useme ulichofanya. Usitume ujumbe. Watakasirika, na huenda mmoja akakushtaki. Ni haki yake. Waende kwenye kampuni za simu za Airtel na TNM waulize ni laini zipi zimesajiliwa kwa majina yao, na zisizo zao zifungwe. Wanaolazimika kwenda mjini, wasaidie kufuatilia kibali cha kutoka kambini. Nauli zao lipa kwa zile hela alizokupa huyo jamaa, na zisipotosha, ongeza zako.