Chakula cha Ubongo na Mazoezi Yake

Gari la moshi la TAZARA litokapo Mlimba kwenda Makambako huiacha nchi tambarare ya bonde la Kilombero na kuanza kupanda milima. Reli ile ilijengwa tangu mwaka 1970 hata mwaka 1975, na kipande hiki kiliwapa wajenzi kazi kubwa, maana kina madaraja mengi na njia zilizotobolewa ndani ya milima. Injini isiyotiwa mafuta haiwezi kupanda mlima ule, hata dereva awe hodari namna gani. Nawe, mwanafunzi, unayo injini kichwani mwako, nayo ni ubongo. Leo tutajifunza namna ya kuutunza.

Ubongo wa mtu mzima haufiki kilo 1 na nusu. Ukiupima pamoja na mwili wote, ni kama sehemu 1 katika sehemu 50. Lakini katika nguvu zote ambazo mwili huzitumia ukiwa umepumzika, ubongo peke yake hutumia kama sehemu 1 katika kila sehemu 5. Hata usiku ulalapo, wenyewe unafanya kazi. Basi mtu akikosa chakula, ubongo nao hutaabika: macho hutazama ubao, lakini maneno hayaingii.

Mambo haya niliyajua kwa kuyasoma, lakini sikuyafahamu mpaka nilipofundishwa na mtoto. Nilipokuwa mwalimu kijana, palikuwa na mvulana mmoja darasani aliyesinzia kila siku ifikapo saa nne. Hesabu alizozijua jana, leo hazijui. Nikamwita mvivu mbele ya wenziwe, nikamwamuru asimame karibu na ukuta. Hakujibu neno.

Jumamosi moja nalikwenda mashamba ya mbali kutafuta mpunga wa kununua. Nikamwona yule mvulana juu ya dungu, akifukuza ndege. Mamaye akanikaribisha, akasema, “Mwalimu, huyu ndiye mlinzi wetu. Usiku huwafukuza nguruwe, na alfajiri hushika njia kwenda shule, mwendo wa saa mbili. Wala hali kitu mpaka arudipo jioni.”

Niliona haya sana. Nilidhani ni uvivu, kumbe ni njaa na usingizi! Nikaketi na wazazi wake, tukashauriana. Baba akakubali kulinda yeye mwenyewe usiku wa siku za shule. Mama akawa anamwekea viazi vitamu na karanga, ale kabla hajaondoka, na vingine achukue njiani. Jumatatu nikamwomba radhi mbele ya wenziwe wale wale, kwa kuwa nilimwaibisha mbele yao. Hakuwa wa kwanza katika darasa, lakini hakusinzia tena, na mwisho wa mwaka alishinda mtihani wake.

Sasa yafaa tujiulize: je, chakula cho chote chatosha? Sivyo. Kabla ya mwaka 1900, daktari mmoja Mholanzi, jina lake Christiaan Eijkman, alikuwa katika kisiwa cha Java, nchi ya mpunga kama yetu. Aliona kuku waliolishwa wali mweupe, uliokobolewa sana, wakilegea miguu hata wasiweze kusimama. Walipopewa mchele ambao haukuondolewa ngozi yake ya ndani, wakapona. Wataalamu waliomfuata walifahamu kwamba katika ngozi ile mna kitu kinachohitajiwa na mishipa ya fahamu na ubongo. Leo chaitwa vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel.

Basi sisi watu wa mpunga tukumbuke kuku wale. Wali mweupe mtupu hushibisha tumbo tu. Uwe na kitoweo: maharage, kunde au choroko, samaki wa mto wetu, kama kambale na perege, na mboga, kama mchicha, matembele na majani ya maboga. Samaki na kunde huujenga mwili. Mboga za majani na nyama zina madini ya chuma, nayo huisaidia damu kupeleka hewa safi ubongoni. Tena chumvi iwe ile yenye madini joto, maana mtoto akiyakosa madini hayo tangu tumboni mwa mamaye, ubongo wake hauwezi kukua vema.

Mazoezi nayo yana faida. Mtu akikimbia au akitembea kwa haraka, moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi, na ubongo hupata sehemu yake. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wazee 120. Nusu yao walitembea kwa dakika 40, mara 3 kila juma, kwa muda wa mwaka mmoja. Wengine walinyosha viungo tu. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ilikua kidogo kwa wale waliotembea, na kwa wenzao ilipungua. Ikiwa ubongo wa mzee huweza kufaidiwa hivyo, wewe kijana usiudharau wako.

Hata hivyo, dawa ya mmoja siyo ya mwingine. Yule mvulana wa dunguni alitembea saa nne kila siku; kumwambia akimbie zaidi kungekuwa kumwonea. Haja yake ilikuwa chakula na usingizi. Lakini mtoto wa mwenye duka karibu na stesheni, ambaye hushinda ameketi akinywa soda na kula maandazi, haja yake ni mpira, jembe na mboga. Na yule ambaye hula vizuri na kulala vizuri, lakini angali amelegea, aende zahanati akapimwe. Labda ana malaria, au minyoo, au damu yake imepungua.

Kwa hiyo, kila mmoja wenu ajipime mwenyewe. Jana ulikula nini? Ulilala saa ngapi? Mwili wako ulifanya kazi gani? Ukikuta upungufu, waambie wazazi wako au mwalimu wako. Usikae kimya kama mvulana yule. Na ukimwona mwenzio anasinzia, usimcheke. Muulize kwanza kama amekula.

MASWALI

1. Kwa nini ubongo hufananishwa na injini ya gari la moshi?
2. Mwalimu alikosa nini, naye alitengenezaje kosa lake?
3. Kuku wa Java walitufundisha nini juu ya wali mweupe?
4. Taja vitoweo vitatu vipatikanavyo kwenu, na faida ya kila kimoja.
5. Andika habari za siku yako moja: chakula, kazi, michezo na usingizi. Wewe una haja ya kuongeza nini?